Simu ya mkononi na urafiki wa vijana balehe

Simu ya mkononi ni chombo ambacho vijana balehe hukitumia kupata urafiki, kuutunza na wakati mwingine kuuvunja. Katika umri huo, ambao Shirika la Afya Duniani huuweka kati ya miaka 10 na 19, mtu huanza kutafuta nafasi yake nje ya familia, na kukubaliwa na wenzake wa rika huwa sehemu kubwa ya kujifunza kuishi na watu.

Rich Ling na Birgitte Yttri, waliochunguza watumiaji wa simu nchini Norwei, walionyesha mwaka 2002 kwamba vijana hawakuishia kupanga miadi. Walitumiana salamu, utani na maneno ya kutakiana usiku mwema. Habari zilikuwa chache, lakini aliyepokea alijua kuwa anakumbukwa. Afrika Mashariki kazi hiyo ilifanywa sana kwa kubip, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokewa, ili salio lisiliwe. Jonathan Donner, katika utafiti wake wa mwaka 2007 kuhusu Rwanda, alikuta desturi hiyo ina adabu zake: mwenye uwezo ndiye hutarajiwa kupiga, na mwanamume anayemtaka msichana hapaswi kumbip.

WhatsApp ilipoleta tiki mbili za bluu za kuonyesha kuwa ujumbe umesomwa, mwaka 2014, kimya nacho kilianza kusomwa. Kijana huona kuwa rafiki amesoma na hajajibu, akakesha akitafuta kosa lake. Akiondolewa kwenye kundi la darasa, hupitwa na mipango na mizaha yote ya wenzake, na matusi yaliyokuwa yakiishia langoni mwa shule humfikia kitandani. Wazazi wengi huhesabu saa anazokaa na simu, ilhali maumivu haya ndiyo yanayostahili kuulizwa kwanza.

Watafiti bado wanabishana kuhusu ukubwa wa madhara ya teknolojia hii. Robert Kraut na wenzake wa Pittsburgh waliripoti mwaka 1998 kuwa matumizi ya intaneti nyumbani yaliambatana na upweke. Utafiti wao wa mwaka 2002 haukuona tena madhara mengi, na uligundua kwamba wachangamfu walinufaika kuliko wakimya. Amy Orben na Andrew Przybylski (2019), kwa takwimu za vijana zaidi ya 350,000, walikuta teknolojia ya kidijitali inaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Jonathan Haidt, katika kitabu chake cha mwaka 2024, anashikilia kuwa madhara ni makubwa. Vyovyote iwavyo, hata athari ikiwa ndogo kwa wastani, haiondoi uchungu wa kijana mmoja aliyetengwa.

Shule na serikali nazo huweka mipaka. Katika shule za bweni za Kenya na Tanzania simu kwa kawaida hukatazwa, hivyo marafiki huonana ana kwa ana muhula mzima, kisha huwasiliana likizoni, mara nyingi kwa simu ya mama au dada. Ufaransa ilipiga marufuku simu katika shule za msingi na za kati mwaka 2018. Australia, tangu tarehe 10 Desemba 2025, inazitaka kampuni za mitandao ya kijamii kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti.