Waya za gari zinapoingiliana: namna ya kujua matata mbele ya kuzifunga pamoja

Huko Marabo, kwenye barabara ya taifa namba 27 kati ya Bunia na Komanda, kunapita magari ambayo yameongezwa taa za mbele, klaksoni kubwa ao redio. Mara nyingi fundi anapitisha waya mpya pamoja na zile za zamani, anazifunga kwa skochi, kazi imeisha. Kisha redio inaanza kulia, ao taa ya injini inawaka. Mwenye gari ananunua kapteri mpya, lakini matata yanabaki, sababu kapteri ilikuwa nzima.

Sababu yake ni nini?

Waya mbili zinaweza kusumbuana hata bila kugusana. Umeme ukibadilika haraka ndani ya waya moja, sumaku yake inasukuma umeme ndani ya ile ya pembeni. Volti nazo zinapita kidogo kidogo katikati ya plastiki mbili, kama vile ndani ya kondensa.

Namna ya kutabiri

Mambo matatu yanahesabiwa zaidi: waya zinafuatana kwa urefu gani, ziko mbali namna gani, na umeme unabadilika kwa mbio gani.

Tuchukue mfano. Waya mbili zinafuatana kwa metre 1, sentimetre 2 juu ya chuma ya gari (masi), na kati yao ni milimetre 3. Moja inabeba ampere 10 na inakatika kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hesabu inaonyesha kwamba ya pili inapata karibu volti 5 kwa kitambo hicho kifupi. Kapteri nyingi za injini zinatuma habari kwa kompyuta kati ya volti 0 na 5! Kompyuta nzuri inachuja mishituko mifupi, lakini si yote. Waya hizo zikitenganishwa kwa sentimetre 3, inabaki karibu volti 1.

Kwenye viwanda, ugumu ni kwamba ndani ya fungu hakuna anayejua kila waya imelala fasi gani. Kwa hiyo mainjinia wanarudilia hesabu mara nyingi kwa kompyuta, wakibadilisha fasi za waya, ili wajue hali mbaya zaidi inayoweza kutokea. Mmarekani Clayton Paul alieleza hesabu za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1994.

Dawa ya zamani

Mwaka 1881, Alexander Graham Bell alipata hati ya kusokota waya mbili za telefone pamoja. Kelele inaingia sawasawa kwa zote mbili, kisha inafutika. Waya za CAN, ambazo kampuni Bosch ilitangaza mwaka 1986 ili kompyuta za gari ziongee, zinasokotwa vilevile.

Mbele ya kufunga

– Waya ya taa, klaksoni ao ampli ipite njia yake, mbali na waya za kapteri na antena.
– Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisifuatane.
– Waya ya kurudi ipite pembeni ya ile ya kwenda.
– Waya zilizosokotwa zisifunguliwe.
– Kama kelele ya redio inapanda pamoja na mwendo wa injini, muangalie kwanza alternateri na masi.

Na kama taa ya hatari iliwaka nyuma ya kufunga kitu kipya, mukitoe kwanza, mujaribu tena, ndipo muwaze kununua kapteri.