Kadio-onkolojia: Moyo wa Aliyepata Saratani

Kadio-onkolojia ni tawi la tiba linalolinda moyo wa mtu anayetibiwa saratani, na wa yule aliyekwisha kutibiwa. Neno limeungwa kwa Kigiriki: kardia ni moyo, onkos ni uvimbe. Madaktari wataelewana nalo. Mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki hataambulia kitu.

Tafsiri ya haraka ni "tiba ya saratani na moyo". Siikubali, kwa kuwa msikilizaji atadhani ni saratani iliyoota moyoni, ugonjwa ulio nadra sana. Hapa tunazungumzia dawa inayoua seli za saratani huku ikiujeruhi moyo.

Chukua doksorubisini, dawa nyekundu ya dripu inayobadilisha hata rangi ya mkojo. Hutibu saratani ya titi, limfoma na sarkoma ya Kaposi, ambayo Afrika Mashariki tunaijua vizuri. Dozi yake hupimwa kwa miligramu kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, na kila mzunguko hujumlishwa na uliotangulia. Mizunguko 4 ya miligramu 60 ni 240. Jumla ikipita 400 hivi, hatari ya moyo kushindwa kusukuma damu hupanda kwa kasi, na hesabu hiyo haifutiki hata miaka 20 ikipita. Trastuzumabu, dawa nyingine ya saratani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ina tabia tofauti: huweza kuudhoofisha moyo, lakini mara nyingi hali hurejea dawa ikisimamishwa. Mionzi ya kifuani nayo huweza kuharibu mishipa ya moyo na vali miaka mingi baadaye.

Ndiyo maana kipimo cha eko hutakiwa kabla ya dripu ya kwanza. Mtaalamu hupaka jeli kifuani, hutembeza kifaa upande wa kushoto, na kusoma kwenye skrini asilimia ya damu inayosukumwa nje kila moyo unapopiga. Ikishuka kwa pointi 10 au zaidi hadi chini ya 50, tiba ya saratani huangaliwa upya, hata kama mgonjwa bado anapanda ngazi bila shida. Dawa kama enalaprili na kavediloli, zinazotumiwa pia kwa presha, huweza kuanzishwa hapo.

"Huduma ya moyo kwa wagonjwa wa saratani" ni tafsiri bora zaidi, ila neno mgonjwa linamwacha nje aliyepona. Amemaliza dozi, nywele zimeota, amerudi kwenye biashara yake. Akianza kukosa pumzi akilala chali, au miguu ikivimba jioni, atasema ni umri. Na "manusura" kwangu linanukia ajali na vita. Nachagua "tiba ya moyo kwa waliopata saratani": aliyepata huenda bado anaumwa, huenda amepona, na wote wawili wamo. Kadio-onkolojia libaki vitabuni.

Dar es Salaam, saratani hutibiwa Taasisi ya Ocean Road, na moyo hutibiwa Taasisi ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Daktari wa moyo atakayemwona mama yule miaka 10 baadaye anahitaji kujua jumla ya dozi yake, kama ile 240. Kwa hiyo, siku ya kumaliza tiba, aombe aandikiwe jina la dawa, jumla ya dozi, na sehemu ya kifua iliyopigwa mionzi, kisha karatasi hiyo aitunze pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.