Taka na nauli: mwanafunzi mgeni katika miji ya Nordiki

Katika miji ya nchi za Nordiki, yaani Norwei, Uswidi, Denmaki, Ufini na Aislandi, kuna kazi mbili ambazo kwetu zina wenyewe lakini kule hazina. Mara nyingi hakuna kondakta wa kudai nauli, wala hakuna mtu wa kuchambua taka zilizochanganyika ndani ya pipa. Zote mbili amekabidhiwa mkazi. Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura huanza kuzifanya siku ileile anayopewa ufunguo wa chumba, mara nyingi bila kuelezwa kwa nini zimepangwa hivyo. Naamini mtu akishajua mtambo unavyofanya kazi, hizi sheria hazimchoshi tena. Na kwa kuwa kila mji una utaratibu wake, makala haya yatakaa zaidi Oslo, kisha yatazame Copenhagen na Helsinki pale zinapotofautiana nayo.

Tuanze jikoni. Mkazi wa Oslo hutia mabaki ya chakula kwenye mfuko wa kijani, vifungashio vya plastiki kwenye mfuko wa rangi nyingine, na taka zisizo na mahali pengine kwenye mfuko wowote wa dukani. Mifuko hiyo miwili ya rangi hutolewa bure kwenye maduka ya vyakula. Kinachomshangaza mgeni ni kwamba mifuko yote mitatu hutupwa kwenye pipa moja na kubebwa na gari moja. Wapo wanaoona hivyo wakaamua kwamba kutenganisha ni bure tu, kwa kuwa mwisho wa yote vitu vinachanganywa. Havichanganywi. Gari hupeleka mzigo kwenye mitambo ya Haraldrud na Klemetsrud. Huko mifuko hupita kwenye mkanda, vihisi vya mwanga husoma rangi ya kila mmoja, kisha mtambo huusukuma upande wake. Mtambo haujui kilichomo ndani. Unajua rangi tu.

Ndiyo maana manispaa husisitiza mfuko ufungwe mafundo mawili. Ndani ya gari mifuko hushindiliwa, na uliofungwa ovyo hufunguka njiani. Maganda ya viazi yakimwagika, hakuna mtambo utakaoyarudisha kwenye kijani; yataishia tanurini pamoja na taka nyingine. Yaliyofika salama hupelekwa kwenye kiwanda cha Romerike, nje ya jiji, ambako bakteria huyaozesha bila hewa na kutoa biogesi. Gesi hiyo imetumika kuendesha mabasi, na kinachobaki huwa mbolea ya mashamba. Taka za kuchomwa nazo zina kazi: joto lake huchemsha maji yanayopita kwenye mabomba chini ya barabara na kupasha nyumba wakati wa baridi. Mimi huona kwamba maelezo haya yangebandikwa juu ya sinki la kila jiko la wanafunzi yangefaa kuliko tangazo lolote la onyo.

Karatasi na maboksi vina pipa lake. Chupa za glasi zisizo na amana na makopo ya chakula hupelekwa kwenye makontena ya mtaani. Kitu kinachoonyesha vizuri tofauti ya mji na mji ni boksi la maziwa. Oslo, huoshwa, hukunjwa na kutiwa pamoja na karatasi. Copenhagen, huenda pamoja na plastiki. Boksi lenyewe ni karatasi iliyobandikwa utando wa plastiki, na kila mji hulipanga kulingana na mkondo uliouchagua. Anayehama kutoka chuo cha Norwei kwenda cha Denmaki asibebe mazoea, asome pipa. Denmaki imemrahisishia: mwaka 2020 ilikubaliwa kwamba nchi nzima itenganishe aina 10 za taka kwa kutumia michoro ileile, hivyo hata asiyejua neno la Kidenishi anaweza kufuata picha.

Kisha kuna amana ya chupa, inayoitwa *pant*. Aliyewahi kurudisha kreti ya soda dukani anaujua msingi wake: unalipia kinywaji na chupa, ukirudisha chupa unarudishiwa pesa. Tofauti ni kwamba hapa amana iko pia kwenye makopo na chupa za plastiki. Norwei ni krona 2 kwa chombo cha hadi nusu lita na krona 3 kwa kikubwa zaidi. Denmaki hutumia herufi: A ni krona 1, B ni krona 1.50, C ni krona 3. Ufini kopo ni senti 15 za yuro, na chupa ya plastiki inayozidi lita moja ni senti 40.

Mashine za kupokea vyombo hivyo zimewekwa ndani ya maduka ya vyakula. Kampuni inayojulikana zaidi kwa kuziunda, Tomra, ilianzishwa Norwei mwaka 1972 na ndugu wawili, Petter na Tore Planke. Unaingiza chupa moja moja. Mashine huizungusha, husoma msimbo wa mistari, hutambua umbo, na mwisho hukupa risiti ya kupeleka kwa keshia. Kwa hiyo usiliponde kopo hadi msimbo usisomeke, wala usiibandue lebo. Chupa iliyonunuliwa nchi nyingine kwa kawaida hukataliwa, kwa kuwa amana yake haikulipwa katika mfumo huo. Kwenye mashine za Norwei kuna pia kitufe cha pili, kinachogeuza amana kuwa tiketi ya bahati nasibu ya Msalaba Mwekundu. Anayetaka pesa zake aangalie anabonyeza wapi.

Serikali ya Norwei iliweka nguvu nyuma ya utaratibu huu kupitia kodi. Watengenezaji hutozwa kodi ya mazingira kwa vyombo vya vinywaji, na kadiri vinavyorudi vingi ndivyo kodi hiyo inavyopungua. Vikirudi asilimia 95 au zaidi, huondolewa kabisa. Kampuni za vinywaji zikawa na sababu yao wenyewe ya kutaka kopo lako lirudi. Faida ya mazingira nayo ni kubwa: kuyeyusha alumini iliyokwisha tumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuizalisha upya kutoka kwenye madini.

Jambo moja la heshima. Katika miji hii wapo watu wanaoishi kwa kuokota chupa za amana, na baadhi yao ni wahamiaji waliofika bila karatasi wala kazi. Ukiwa bustanini na hutaki kubeba kopo lako, lisimamishe kando ya pipa, usilitumbukize ndani. Copenhagen imewahi kufunga rafu maalumu kwenye mapipa ya mitaani kwa ajili hiyo, ili mtu asilazimike kupekua uchafu kwa mikono mitupu.

Usafiri umejengwa juu ya kanuni ileile. Treni ya chini ya ardhi ya Oslo, iliyofunguliwa mwaka 1966, unaingia bila geti kukuzuia: unashuka ngazi, mlango unafunguka, unakaa. Tiketi lazima iwe imenunuliwa kabla ya kupanda, na wengi huinunua kwa programu ya simu ya Ruter, kampuni ya usafiri wa umma ya Oslo. Tiketi moja ya zoni 1 hudumu saa moja na inafaa kwenye treni hiyo, tramu, basi, treni ya kawaida ndani ya zoni na hata feri za visiwani. Unaweza kubadilisha chombo mara nyingi upendavyo. Wakaguzi huingia bila taarifa, wengine wakiwa wamevaa nguo za kiraia, na faini yao ni kubwa mno ukilinganisha na nauli. Simu iliyozima haikubaliwi kuwa kisingizio: kama tiketi iko kwenye simu, kuichaji ni wajibu wako.

Mwanafunzi anayesafiri kila siku anunue tiketi ya siku 30 kwa bei ya wanafunzi, lakini asome masharti kwanza. Mji mmoja huangalia umri, mwingine huangalia kama unasoma muda wote, na mkaguzi anaweza kudai kitambulisho cha chuo pamoja na tiketi. Kwenye uwanja wa ndege wa Oslo, Gardermoen, kuna mtego wa siku ya kwanza: treni ya haraka ya Flytoget ina tiketi yake na bei yake, ilhali treni za kawaida hufika katikati ya jiji kwa tiketi ya Ruter ya zoni zinazohusika. Copenhagen, anayetumia mfumo wa nauli wa Rejsekort hujisajili anapoanza safari na tena anapomaliza. Akisahau mara ya pili, anaweza kutozwa zaidi. Helsinki, basi halisimami kwa sababu tu umesimama kituoni. Nyoosha mkono. Na sheria ya Ufini humtaka mtembea kwa miguu avae kiakisi mwanga gizani, jambo la maana sana Desemba, jua linapozama alasiri.

Baiskeli ndiyo chombo cha Copenhagen. Njia zake ziko kati ya magari na watembea kwa miguu, unabaki kulia na unapita wenzako kwa kushoto. Kabla ya kusimama inua mkono. Kabla ya kukata kona unyooshe. Kukata kushoto hakufanywi katikati ya makutano: vuka moja kwa moja hadi ng'ambo, simama kwenye kona, kisha geuka. Basi likishusha abiria juu ya njia ya baiskeli, wewe ndiye wa kungoja. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima gizani. Ukinunua baiskeli iliyotumika, chukua kwanza namba iliyogongwa kwenye fremu na uitafute kwenye tovuti ya polisi, usije ukanunua ya wizi.

Wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda wana hatari yao ya pekee, kwa kuwa jicho lao limezoea magari ya kushoto. Wa Rwanda, Burundi na Congo tayari wanatumia kulia. Uswidi yenyewe ilikuwa ya kushoto hadi tarehe 3 Septemba 1967, ilipohamia kulia kwa usiku mmoja, na Aislandi ikafuata mwaka 1968. Wiki za mwanzo, kabla ya kuvuka, tazama pande zote mbili hata kama unaamini unajua gari litatokea wapi.

Vitu vizito huwa tatizo mwishoni mwa mwaka wa masomo. Norwei, duka linalouza vifaa vya umeme hulazimika kupokea bure vya aina hiyo vilivyoharibika, hata usiponunua kitu. Betri pia zina visanduku vyake madukani. Oslo ina vituo vidogo vya mitaani vinavyofikika kwa miguu, ambako unaacha vitu vinavyofaa bado na kuchukua vya wengine bila malipo. Anayeondoka Juni apeleke huko sufuria na taa yake ya mezani. Anayefika Agosti apitie huko kabla ya kwenda dukani.