Amana Katika Waya

Zamani za simu za maandishi, karani alipopeleka risala kwa waya aliitangulizia idadi ya maneno yake, na mwenziwe wa upande wa pili, akiona hesabu haikutimia, alitambua mara moja ya kuwa kuna neno lililopotea njiani. Na desturi hiyo ya kuhesabu kabla ya kusadiki ndiyo inayokaa leo ndani ya waya wa USB, ambao watu huuchomeka kwenye kompyuta pasi na kuufikiri.

Mwaka 1947, Richard Hamming, mwanahisabati wa Bell Labs huko Marekani, aliiachia mashine hesabu zake mwisho wa juma, akakuta mara mbili mfululizo kwamba mashine imegundua kosa na kuzitupa. Akaghadhibika, akauliza: ikiwa yaweza kujua kwamba pana kosa, mbona isijue na mahali lilipo? Mwaka 1961, watafiti Peterson na Brown wakafafanua njia ya kugundua kosa ambayo risala hugawanywa mithili ya nambari moja ndefu, na baki lake likafungwa nyuma yake kama muhuri, ili mpokeaji naye agawanye na kulinganisha.

USB ilipotolewa Januari 1996 ilirithi muhuri huo: biti 5 kwa amri fupi, biti 16 kwa data. Tena, kwa kuwa hakuna waya wa saa, kila pakiti hutanguliwa na mipigo ya kupanda na kushuka, mpokeaji apate kulinganisha mwendo. Na kila zikifuatana biti sita za moja, sifuri huchomekwa, waya usije ukatulia mno hata hesabu ikampotea.

Lakini lililonistaajabisha zaidi ni ukimya. Apokeaye data iliyoharibika halalamiki, hunyamaza tu, maana risala iliyoingia kosa haiaminiki katika lolote. Naye mpelekaji, akingoja asisikie jibu, huirudia. Je, ikiwa data imefika salama, lakini jibu ndilo lililopotea? Hapo ingepokewa mara mbili, lau kama pakiti zisingepewa majina mawili kwa zamu, DATA0 na DATA1: mpokeaji akiliona jina lile lile tena, huitupa nakala na kujibu upya kwamba amepokea. Jaribio la tatu likishindwa, kompyuta huacha, na programu ikaarifiwa.

Sauti ya mwimbaji iendayo kwenye spika haipewi fursa hiyo: likiharibika fungu lake halirudiwi, kwani kufika kwake wakati wimbo umekwisha kupita hakumfai msikilizaji.