Mzinga wa Bahari Katika Ziwa Letu

Vita ya 1914 iliwahi kufika ufukoni kwetu: mwezi wa Agosti Wajerumani walivunja mitumbwi huko Mokolobu, karibu na Uvira. Mwaka uliofuata ukaja mzinga wa bahari. Manowari Königsberg ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji, Julai 1915, mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikaundiwa magurudumu Dar es Salaam. Mmoja ulipanda reli hadi Kigoma, ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen, iliyoitwa baadaye Liemba. Ulipoondolewa 1916 kwenda kupigana nchi kavu, wakaweka mahali pake mzinga wa mti, wa kuhadaa macho ya Wabelgiji.

Mizinga mingine ya Königsberg ilikokotwa porini na mamia ya watu. Mmoja umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus, manowari ya Waingereza ambayo Königsberg yenyewe iliizamisha Unguja. Maadui wawili uwanja mmoja: waliopanga hivyo walipanga vema. Mimi ningeongeza kitu kimoja tu kando yao, kamba ya wapagazi, wale waliovuta chuma kile katika matope, kwa njaa na homa.