Rada ya J-1: Msee wa Canada akienda Marekani kujinoa kikazi

Raia wa Canada hapangi foleni ya viza ubalozini. Anaenda mpakani ama eapoti na paspoti, fomu DS-2019 ya shirika linalomdhamini, na risiti ya ada ya SEVIS, dola 220.

Mwanafunzi, ama aliyemaliza chuo chini ya miezi 12, anapewa hadi mwaka 1. Mwenye digrii na mwaka 1 wa kazi, ama miaka 5 ya kazi bila digrii, hadi miezi 18. Digrii na kazi ziwe za nje ya Marekani.

Lakini chunga: PR haitoshi! Cuzo yako wa Toronto akiwa bado na paspoti ya Kenya, lazima aombe viza, kama tu wewe wa Umoja.