Kununua laptopu: ununue sasa au usubiri?

Mwalimu anayepeleka mitihani kuchapwa mjini, mwanafunzi anayejiandaa kwenda chuo, katibu wa chama cha ushirika anayeandika hesabu kwenye daftari: wote hufika mahali wakajiuliza swali moja. Je, kompyuta mpakato, ambayo wengi tunaiita laptopu, inunuliwe sasa au fedha zikae kwanza? Wahenga walisema subira yavuta heri. Wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Makala haya yanaeleza wakati gani kila methali ina haki yake, na mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha.

Jibu kwa ufupi

Nunua sasa ikiwa mambo matatu yapo: kazi ya kufanya kwa laptopu inakusubiri, fedha ni zako mwenyewe, na una mahali pa uhakika pa kuchaji. Likikosekana moja kati ya hayo, subiri. Lakini usisubiri kwa sababu tu umesikia kwamba bei itashuka au kwamba aina mpya inakuja.

Je, bei itashuka?

Kwa miaka mingi, aliyesubiri alipata faida. Kila mwaka kompyuta ziliongezeka nguvu, na zile za mwaka uliopita zilishuka bei. Ndiyo maana ushauri wa "ngoja kidogo" umezoeleka.

Hali hiyo ilibadilika mwishoni mwa mwaka 2025. Kila laptopu inahitaji kumbukumbu iitwayo RAM, ambayo hushikilia kazi unayoifanya wakati huo. Sehemu kubwa ya RAM duniani hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kampuni hizo hizo ndizo zinazouza kumbukumbu kwa vituo vikubwa vya kompyuta vinavyoendesha akili mnemba. Vituo hivyo vinanunua kwa wingi na kulipa vizuri, kwa hiyo viwanda vimeelekeza nguvu huko. Desemba 2025, Micron ilitangaza kuacha kuuza kumbukumbu kwa wateja wa kawaida kupitia chapa yake ya Crucial.

Matokeo yake, RAM ilipanda bei, na gharama hiyo inaingia ndani ya bei ya laptopu. Kiwanda kipya cha kumbukumbu huchukua miaka kujengwa, kwa hiyo si jambo la kuisha kwa mwezi mmoja. Tena laptopu zinazouzwa kwetu zinaagizwa nje kwa dola. Shilingi ikiyumba, bei dukani nayo inapanda.

Fundisho hapa ni mawili. Kwanza, kusubiri bei ishuke kunaweza kukuumiza matumbo bure. Pili, chukua laptopu yenye RAM ya kutosha tangu mwanzo. Kwa kuandika, hesabu, barua pepe na masomo ya kawaida, tafuta GB 8. GB 4 zitawaka, lakini utachoka kusubiri. Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imegandishwa kwenye bodi, haiongezwi baadaye.

Tahadhari: mashine za bei chee

Laptopu nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini ni za mtumba, zilizotumika ofisini Ulaya, Marekani au Uarabuni. Mtumba si mbaya. Laptopu ya ofisi iliyotunzwa inaweza kuwa imara kuliko mpya ya bei hiyo hiyo. Tatizo ni umri.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, mfumo ulioanza mwaka 2015. Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika siku hiyo. Inaendelea kufanya kazi, ila haipokei tena marekebisho ya bure ya kuziba matundu wanayopitia wezi wa mtandaoni na virusi. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani unaofika Oktoba 2026, lakini ni lazima ujiandikishe. Kwa anayefanya miamala ya benki au kutunza kumbukumbu za kikundi, hilo si jambo dogo.

Windows 11 haikubali kila mashine. Kwa upande wa prosesa za Intel, kwa kawaida inahitaji kizazi cha 8 kwenda juu, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Ndiyo maana ofisi nyingi za nje zimekuwa zikiziondoa mashine za zamani, na nyingine zinaishia sokoni kwetu.

Kuna mafundi wanaolazimisha Windows 11 kuingia kwenye mashine ya zamani. Itawaka vizuri mbele yako, lakini Microsoft haikuhakikishii marekebisho ya baadaye. Kwa hiyo usitazame Windows iliyoandikwa kwenye kioo, soma namba ya prosesa.

Namna ya kusoma namba ya prosesa

Fungua mipangilio ya kompyuta, ingia System, kisha About. Utaona jina la prosesa, kwa mfano i5-6300U. Tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi. Hiyo ni ya kizazi cha 6, ni ya zamani mno. Ukiona i5-8250U, ni kizazi cha 8, inafaa. Ukiona i5-10210U, hizo 10 za mwanzo ndizo kizazi, nayo inafaa.

Kama fedha zako zinatosha mashine ya kizazi cha 6 tu, una njia mbili. Moja ni kusubiri uongeze. Nyingine ni kuitumia na mfumo wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, ambao ni wa bure na bado unapata marekebisho. Una programu ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu iitwayo LibreOffice. Lakini kama chuo au ofisi inakutaka utumie programu maalumu ya Windows, uliza kwanza.

Piga hesabu ya kusubiri na ya kukopa

Kusubiri nako kuna gharama. Chukua mfano wa mtu anayetumia shilingi 10,000 kila wiki kwa nauli na kuchapiwa kazi steshenari. Kwa mwaka ni shilingi 520,000. Weka tarakimu zako mwenyewe, kisha toa gharama ya kuprinti, maana hiyo itabaki hata ukiwa na laptopu. Ikiwa kinachobaki ni kikubwa, kusubiri kunakula fedha zako kimyakimya.

Sasa tazama mkopo. Ukikopa shilingi 600,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kila mwezi riba peke yake ni 60,000. Kwa miezi sita umelipa riba ya 360,000, na laptopu ya 600,000 imekugharimu 960,000. Mikopo ya namna hii ndiyo watu wameipa jina la kausha damu. Kwa riba hiyo, kusubiri ni bora, au tafuta mkopo wa riba ndogo kwenye SACCOS yako.

Kwa mkulima kuna hesabu nyingine. Bei ya mahindi kwa kawaida huwa chini wakati wa mavuno na hupanda kadiri miezi inavyosonga. Ukiuza magunia yote wiki ya mavuno ili ununue laptopu, huenda umetoa magunia mengi kuliko ungetoa miezi minne baadaye. Kama una mifuko mizuri ya kuzuia dumuzi na kazi ya laptopu si ya haraka, hapo subira inavuta heri kweli. Na chakula cha nyumbani kitengwe kabla ya yote.

Umeme: swali linalosahaulika

Kama nyumbani kwako kuna umeme wa gridi, ruka sehemu hii. Kama unatumia sola, soma kwa makini.

Betri ya laptopu hubeba wati-saa 40 hadi 60, karibu sawa na kuchaji simu janja tatu. Chaja yake huvuta wati 45 hadi 65. Paneli ya wati 20 ikipata jua zuri kwa saa tano inatoa wati-saa 100 kwa makadirio, na sehemu ya hizo hupotea njiani. Laptopu moja inaweza kumaliza zaidi ya nusu ya umeme wa siku nzima, na taa za usiku zikakosa. Vifaa vidogo vya sola vya taa na simu havikuundwa kwa kazi hii.

Kama sola yako ni ndogo, anza kuongeza sola, laptopu ifuate. La sivyo, utakuwa na laptopu nzuri unayoipeleka dukani kwa jirani kuchaji kila siku.

Ukaguzi dukani kabla ya kulipa

Betri ndiyo inayochoka kwanza kwenye mtumba. Kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows andika cmd, bonyeza, kisha andika powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilikohifadhiwa. Ifungue utafute mistari miwili. DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani. FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo wake sasa. Ikiwa wa kwanza ni 50,000 na wa pili ni 20,000, imebaki asilimia 40. Punguziwa bei au badilishiwa betri.

Kisha kagua haya:

- Diski iwe aina ya SSD, angalau GB 256. Diski ya zamani ya kuzunguka ni nzito na haivumilii mitikisiko ya barabara zetu.
- Bonyeza kila herufi ya kibodi. Jaribu kamera, spika na matundu yote ya USB.
- Unganisha na intaneti ya simu yako uone kama Wi-Fi inashika.
- Izime na uiwashe tena mbele yako. Ikidai nywila ya kampuni au mmiliki wa zamani, iache.
- Dai risiti yenye namba ya mashine, na dhamana iliyoandikwa. Bila risiti, unaweza kujikuta na mali ya wizi.

Ukiifikisha nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uieleze kompyuta kwamba intaneti yako ina kikomo. Usipofanya hivyo, marekebisho ya Windows yanaweza kumaliza bando lako lote kabla hujafungua barua pepe moja.

Ukiamua kusubiri

Kusubiri kuwe na tarehe na kiasi. Andika: nahitaji shilingi kadhaa, kufikia mwezi fulani. Wakati huo simu yako inaweza kufanya mengi. Google Docs inaandika barua na ripoti, Google Sheets inapiga hesabu za kikundi, na simu nyingi za Android hukubali kibodi ya nje ya Bluetooth. Kazi utakayoandika huko utaikuta kwenye laptopu siku utakapoingia kwa akaunti ile ile.

Na kama baada ya miezi mitatu simu imetosheleza kila ulichohitaji, basi umepata jibu lako bila kutumia hata senti.